Mlio wa Kardani: Majibu kwa Yanayosemwa Garajini

Barabara ya Butembo kwenda Kyavinyonge hupanda kwanza hadi kwenye baridi ya Kyondo, kisha huteremka ukingo wa bonde la ufa mpaka ufukwe wa Ziwa Edward. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko kwenye mita 912 hivi. Mteremko huo wote hupitwa na Corolla, Carina, Probox na Noah zilizotumika miaka mingi Japani kabla ya kufika kwetu Congo. Zinashuka na unga, maharagwe na bidhaa za duka, zinapanda na samaki wa chumvi, na abiria wamejipenyeza kila palipobaki nafasi.

Gari la namna hiyo likianza kulia tak-tak-tak wakati wa kukata kona, kila aliye karibu ana jibu. Konda ana lake, muuza spea ana lake, dereva aliyesimama kwenye foleni ana lake. Mwenye gari hununua jibu lililosemwa kwa nguvu kuliko mengine. Wapo walionunua beringi mbili, kisha shokomzoba, kisha kardani nzima, yaani mhimili unaopeleka nguvu gurudumuni, na mlio ukabaki palepale. Pesa hizo zilikuwa karo za watoto au mtaji wa safari inayofuata, na kwa watu wetu hasara ya aina hiyo hairudi kwa urahisi.

Nayachukua hapa madai yanayosikika sana, moja baada ya jingine, kwa sababu mengi yake yana ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaogharimu. Msimamo wangu ni mmoja: swali la kwanza kuhusu mlio lisiwe unatoka wapi, bali unatoka lini. Masikio hukosea mahali, lakini ni nadra kukosea wakati.

Dai la kwanza: kila tak-tak ya mbele ni kardani

Si kweli, na njia ya kulijua hilo haihitaji kufungua hata nati moja.

Anza gari likiwa limesimama, injini inawaka, gia iko huru. Kanyaga mafuta kidogo. Mlio ukija na ukienda mbio kadiri injini inavyokwenda mbio, kardani haina kesi, kwa maana magurudumu hayazunguki. Hapo mtuhumiwa ni injini yenyewe: valvu zenye nafasi kubwa, au gesi inayopenya kwenye gasketi ya bomba la moshi mahali linapofungwa na injini. Mpenyo huo mdogo hutoa tik-tik kavu inayofanana sana na chuma kugonga chuma.

Gari likiwa bado limesimama, zungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ukisikia kugonga au mlio wa springi kujinyonga na kujiachia, tafuta bol jointi ya chini, au kile kiti cha juu kinachoshika shokomzoba. Hapa pia magurudumu hayajazunguka, kwa hiyo kardani haijafanya kazi.

Sasa endesha moja kwa moja, polepole, dirisha wazi. Mlio unaohesabu mizunguko ya gurudumu hata pale usukani umenyooka una sababu nyingi za bei rahisi: kokoto iliyokwama kwenye meno ya tairi, kifuniko cha rimu kilicholegea, bati la kukinga breki lililopinda baada ya kugongwa na jiwe. Lakini una sababu moja ya kutisha, nayo ni nati za gurudumu zilizolegea. Ukisikia mlio wa namna hiyo baada ya kubadilisha tairi njiani, simama hapohapo na ukaze nati kabla ya kuwaza kitu kingine. Gurudumu linalotoka kwenye mteremko wa Kyondo haliulizi abiria ni wangapi.

Hatimaye tafuta uwanja mpana, kata usukani hadi mwisho, weka gia ya kwanza, zunguka taratibu huku ukikanyaga mafuta. Mlio ukianza tak-tak-tak, ukaharakisha pamoja na gurudumu, ukawa mkali zaidi unapoongeza mafuta na kupungua unapoyaachia, hapo ndipo jina la kardani linapaswa kutajwa kwa mara ya kwanza.

Sababu iko ndani ya chuma. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele lina kardani mbili, moja kila upande, na kila kardani ina viungo viwili: cha ndani kinachoingia giaboksi, na cha nje, yaani kichwa cha kardani, kinachoingia gurudumuni. Kichwa hicho ndicho chenye kazi ngumu, kwa sababu lazima kipeleke nguvu hata gurudumu likiwa limepinda. Ndani mna gololi sita za chuma zilizokaa kwenye mifereji, zimeshikwa na kizimba chembamba zisihame, na zote zimezama katika grisi nyeusi. Muundo huo ni wa Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford wa miaka ya 1920. Mini ya mwaka 1959 ikauingiza kwenye magari madogo kwa wingi, na Corolla ikaanza kuvutwa kwa mbele mwaka 1983.

Mifereji ikilika hupata vishimo. Gari likinyooka, gololi husogea kidogo sana, na kimya kinatawala. Usukani ukikatwa, kila gololi hutembea kwenda na kurudi ndani ya mfereji wake katika kila mzunguko wa gurudumu. Mafuta yakikanyagwa, inabanwa juu ya kishimo na kuruka. Mruko huo ndio tak. Kwa hiyo mlio usiohitaji kona wala mafuta hauna tabia ya kichwa cha kardani, hata kama umetoka upande uleule.

Dai la pili: magari ya jina moja yana ugonjwa mmoja

Hapa Noah inawaponza wengi. Noah ya kwanza, ile ya familia ya TownAce iliyotoka mwaka 1996, ina injini chini ya viti vya mbele na inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Noah iliyoifuata, kuanzia mwishoni mwa 2001, inavutwa kwa mbele. Zote mbili zinaitwa Noah, zinasimama kwenye kituo kimoja na kubeba abiria walewale. Lakini ile ya zamani isiyo na nguvu kwa magurudumu yote haina kardani ya mbele kabisa. Mtu akikuambia kardani ya mbele ya Noah yako inagonga, na gari lako ni lile la zamani la kusukumwa kwa nyuma, amekuuzia kitu ambacho gari halina.

Katika Noah hiyo, kama ilivyo kwa Hiace na Hilux za kusukumwa kwa nyuma, nguvu hupita kwenye mhimili mrefu unaotoka giaboksi hadi difu ya nyuma, nao umeunganishwa kwa krosi. Krosi iliyokauka grisi hulia tofauti: hutoa klak moja unapoondoka au unapobadili kutoka mbele kwenda rivasi, au mlio mwembamba kama wa panya unaofuata mwendo, na haijali sana kona. Lala chini ya gari lililozimwa na kuzuiwa magurudumu, uangalie vikombe vya krosi. Ukiona unga mwekundu wa kutu umezunguka kikombe, sindano za ndani zimekwisha kukauka na kusagika. Huhitaji shahidi mwingine.

Land Cruiser za mfululizo wa 70 nazo zina jambo lake. Wapo wanaosema gari hilo halijui ugonjwa wa kardani. Linaujua. Kichwa cha kardani chake kimefichwa ndani ya tufe la chuma mwishoni mwa ekseli ya mbele, ndiyo maana hakionekani. Katika zile zenye kufuli za magurudumu ya mbele, kichwa hicho hakibebi mzigo mpaka kufuli zifungwe na gia ya magurudumu manne iingizwe. Mlio wa kona unaotokea tu wakati huo unatoka humo. Ila kwanza hakikisha hujakata kona kali juu ya lami kavu ukiwa kwenye magurudumu manne, maana hapo ekseli hujikaza zenyewe kwa zenyewe, na gari zima lenye afya hupiga vishindo.

Dai la tatu: mlio ukisikika kulia, kardani ya kulia ndiyo mbovu

Dai hili lina nguvu kwa sababu dereva anaamini masikio yake. Katika njia zetu ana sababu ya kutoyaamini.

Congo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Magari mengi yanayotujia kupitia Mombasa na kuingilia mpakani Kasindi yana usukani wa kulia. Kwa hiyo dereva wetu hukaa ukingoni mwa barabara, karibu kabisa na gurudumu la mbele la kulia, na dirisha lake linatazama kuta za nyumba au ngema ya udongo iliyochongwa mlimani. Mlio wa gurudumu la kulia hugonga ukuta na kumrudia usoni. Mlio wa gurudumu la kushoto hupotelea katikati ya barabara, tena umetenganishwa naye na upana mzima wa gari. Akisikia chochote, atasema kulia. Ongeza kwamba chuma husafirisha sauti: kitu kinachogonga kushoto hupita kwenye fremu inayobeba injini na kutokea chini ya miguu ya dereva.

Mazoea ya njia nayo yanadanganya. Pale Rond-point Nyamwisi mjini Beni, magari huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Ukiwa ndani ya mzunguko, usukani umekatwa kushoto. Dereva anayesikia mlio pale tu amesikia nusu ya ushahidi. Upande wa pili hajaupima.

Pima pande zote. Usukani kulia hadi mwisho, zunguka mbele, kisha rudi kwa rivasi. Usukani kushoto, vilevile. Mtu mmoja atembee nje ya gari, kwanza upande mmoja kisha mwingine, akiwa na nafasi ya kutosha kutoka kwenye magurudumu. Kwa kawaida uzito hulemea gurudumu lililo nje ya kona, ndiyo maana mlio wa kona ya kushoto huanza kuitilia shaka kardani ya kulia, na kinyume chake. Lakini gurudumu la ndani ya kona ndilo linalopinda zaidi, na kichwa kilicholika sana kitagonga hata kikiwa huko. Kwa hiyo kona inatoa fununu, na mkono ndio unaohukumu.

Gari liwekwe kwenye jeki na kushikiliwa na vigingi imara. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Mmoja ashike gurudumu lisizunguke, mwingine ashike mhimili wa kardani karibu na kichwa cha nje na kuunyonga mbele na nyuma. Kisha afanye vivyo hivyo upande wa pili. Gari la zamani halina haja ya kulinganishwa na gari jipya la kwenye kitabu. Mizani yake nzuri ni upande wake mwingine. Upande wenye mchezo mkubwa, au unaotoa klik mkononi, ndio wa kufungua kwanza.

Dai la nne: tuanze na beringi, ndiyo huharibika sana

Beringi ya gurudumu iliyokufa hunguruma. Ni mvumo unaopanda na mwendo kasi, mara nyingi hubadilika unapoyumbisha gari kidogo kushoto na kulia kwa sababu uzito unahama, na hauhitaji kukanyaga mafuta. Ukiinua gurudumu na kulizungusha kwa mkono huku kiganja kingine kimeshika springi, utahisi ukwaru wake. Mlio unaogonga kwa kuhesabika kwenye kona tu si tabia yake ya kawaida. Kuanza na beringi kwa sababu huharibika sana ni kumpa mgonjwa dawa ya malaria kwa sababu malaria ni nyingi.

Kuna jambo moja la jirani linalostahili kuangaliwa: nati kubwa inayofunga kardani kwenye kitovu cha gurudumu. Ikilegea, au meno ya kardani yakikauka ndani ya kitovu, utasikia klik moja unapoondoka na moja unaporudi nyuma. Hapo tiba inaweza kuwa kusafisha meno, kupaka grisi na kukaza nati kwa kipimo chake, bila kununua kitu kikubwa.

Dai la tano: ni barabara, basi hakuna la kufanya

Hili ndilo dai linaloumiza zaidi, kwa sababu linamfanya dereva akunje mikono.

Mawe ya mteremko na mchanga wa ufukweni ni kweli. Lakini mchanga hauna mlango wa kuingia kwenye kichwa cha kardani kizima. Kichwa kimefunikwa na sufle, ule mfuko wa mpira wenye mikunjo, unaobanwa kwa mikanda ya chuma pande mbili. Sufle ikiwa nzima, gololi zinaogelea kwenye grisi yake na kichwa kinaweza kudumu umri wa gari. Sufle ikichanika, mzunguko wa gurudumu huirusha grisi nje, na maji na mchanga huchukua nafasi yake. Mchanga uliochanganyika na grisi iliyobaki husaga mifereji katika kila mzunguko. Barabara inaharibu kardani kwa kupitia tundu ambalo tuliliacha wazi.

Na tundu hilo hujitangaza mapema. Kata usukani hadi mwisho ili gurudumu litoke nje, piga magoti, uangalie nyuma ya tairi. Sufle iliyopasuka huchora mstari mweusi wa grisi upande wa ndani wa rimu na kwenye mguu wa shokomzoba, mstari ulionyooka kufuata mzunguko, na vumbi limeushikilia na kuufanya uwe kama gamba. Usiishie kuangalia migongo ya mikunjo. Fungua mkunjo mmojammoja kwa vidole, uangalie chini yake, maana mpira huanza kupasuka kwenye bonde la mkunjo kabla haujapasuka juu. Ukiona nyufa kavu ambazo bado hazijatoboka, una muda wa kubadilisha sufle kwa utulivu mjini Butembo badala ya kuhangaika Kyavinyonge.

Sufle ni kipande cha bei ndogo kabisa katika habari hii yote. Anayeibadilisha kabla mlio haujaanza, akasafisha kichwa na kutia grisi inayofaa, ameokoa kardani. Anayesubiri mlio amekwisha kupoteza nafasi hiyo.

Dai la sita: kuinua gari kunalinda kardani

Wengi huongeza vipande juu ya springi ili tumbo la gari lisiguse mawe. Kwa sampo ya oili na bomba la moshi, sawa, kuna faida. Kwa kardani ni kinyume.

Giaboksi inapanda pamoja na bodi, lakini gurudumu linabaki chini. Kardani inayounganisha viwili hivyo inalazimika kukaa kwa mshazari mkali hata barabara ikiwa imenyooka. Gololi sasa zinatembea safari ndefu kwenye mifereji muda wote, si kwenye kona tu. Mikunjo ya sufle inabanana upande mmoja na kunyooshwa upande mwingine, inasuguana na kupasuka mapema. Mtu akiinua gari leo na sufle zikachanika baadaye, husema spea za siku hizi ni mbovu. Pembe ya kardani aliyoibadilisha mwenyewe haihesabu.

Mzigo uliorundikwa nyuma huongeza jambo hilohilo. Mkia unazama, pua inainuka, na kardani za mbele zinapinda zaidi, wakati uleule zinapovuta uzito kupanda mlima. Anayelazimika kuinua gari, basi ainue kidogo iwezekanavyo, na sufle azikague mara nyingi kuliko wengine. Mzigo nao usogezwe mbele kadiri nafasi inavyoruhusu.

Dai la saba: jaza grisi mpya, mlio utaisha

Utapungua. Grisi nzito huziba kwa muda pengo kati ya gololi na mfereji, na mlio hufifia. Lakini grisi haijazi kishimo cha chuma. Siku chache za kubeba mzigo zikipita, tak inarudi, na mara hii kichwa kimelika zaidi kwa sababu kilipewa kazi kama kizima.

Grisi mpya ni tiba halisi katika hali moja tu: sufle imechanika, mlio haujaanza, na kichwa kikifunguliwa na kuoshwa mifereji yake bado inang'aa bila alama ya kushikika kwa ukucha. Hapo osha mpaka mchanga wote utoke, tia grisi ya kardani yenye molibideni, funga sufle mpya kwa mikanda mipya. Grisi ya kawaida ya beringi haitoshi kwa mgandamizo wa gololi hizo, na waya wa kufungia badala ya mkanda hukata mpira.

Dai la nane: kuhamisha kardani upande wa pili ni utapeli

Hapa nawatetea mafundi wa zamani. Kila mfereji una kuta mbili: moja hubeba nguvu gari likienda mbele, nyingine hubeba gari likipunguza mwendo au likirudi nyuma. Ukuta wa kwanza ndio unaolika. Kichwa cha kulia kikihamishiwa kushoto, mzunguko wake unageuka, na gololi zinaegemea ukuta ambao haujalika sana. Mlio unaweza kunyamaza kweli.

Utapeli ni kuliita hilo matengenezo ya kudumu. Kizimba ni kilekile, gololi ni zilezile, na chembe za chuma zilizomeguka zilikwisha kupita kila mahali. Tena mihimili ya kulia na kushoto mara nyingi haina urefu sawa, kwa hiyo kinachohamishwa ni vichwa, si kardani nzima. Ni njia ya kulivusha gari mpaka spea ipatikane, na fundi mwaminifu humwambia mteja hivyo kabla ya kuanza.

Dai la tisa: kardani ya mtumba kutoka Japani daima ni bora kuliko mpya

Chuma cha kiwandani kilichotumika vizuri kinaweza kweli kuishinda kardani mpya ya bei ya chini. Lakini neno daima halina nafasi. Kardani ya mtumba ambayo sufle yake ilichanika kwenye kontena au juani ni kardani iliyokufa yenye jina zuri. Kabla ya kulipa, pinda kichwa kila upande kwa mkono: kitembee kizito na laini, bila kukwama na bila klik. Hesabu meno ya kuingilia gurudumuni na ya kuingilia giaboksi, ulinganishe na ya zamani, maana matoleo ya gari moja hutofautiana. Kama gari lina ABS inayosoma pete ya meno juu ya kichwa, hakikisha pete hiyo ipo, haina ufa, na idadi ya meno yake ni ileile. Na kwa mpya, angalia mambo yaleyale. Anayekataa kardani ishikwe kabla ya kununuliwa amekwisha kujibu swali.

Dai la kumi: hata ikikatika, gari litasimama tu

Nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo linalohusu maisha ya watu.

Ni kweli kwamba kichwa kinachogonga kinaweza kwenda muda mrefu. Hakuna fundi anayeweza kutaja siku. Lakini anayesema gari litasimama tu anafikiria barabara tambarare. Difu ya kawaida, inayogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, huipeleka kwenye njia yenye upinzani mdogo. Kardani moja ikikatika, mzunguko wote wa injini unaishia kwenye mhimili uliobaki mtupu, na gurudumu zima la upande wa pili halipati kitu. Wakati wa kupanda, gari linakosa nguvu na kuanza kurudi nyuma na mzigo wake. Wakati wa kushuka, unapotegemea gia ndogo izuie mwendo, kizuizi hicho kinapotea mara moja, na breki zilizokwisha kupata moto zinabaki peke yake na mteremko mzima.

Kuna hatari nyingine ambayo madereva wengi wa gari la otomatiki hawaijui. Alama ya P hufunga giaboksi, haifungi magurudumu moja kwa moja. Kardani moja ikiwa imekatika, difu inaruhusu gurudumu zima lizunguke wakati upande uliokatika unazunguka kinyume. Gari liko kwenye P, na bado linateremka. Gari la gia za mkono lililoachwa kwenye gia ya kwanza ni vilevile. Kwa hiyo kardani ikikatika mlimani, vuta breki ya mkono, weka mawe makubwa nyuma na mbele ya magurudumu, kisha ndipo abiria washuke upande wa mlima. Mhimili unaoning'inia nao unaweza kupiga mpira wa mafuta ya breki au kupasua ganda la giaboksi, hivyo usijaribu kujikokota nao.

Na tusisahau mahali tulipo. Kyavinyonge iko ndani ya Hifadhi ya Virunga. Barabara ya Beni kwenda Kasindi inapita ardhi ya hifadhi, na magari yameshambuliwa huko na watu wenye silaha. Kulala njiani katika nchi hii si usumbufu wa kuchelewa tu. Anayepakia abiria huku akijua kardani inagonga anafanya uamuzi kwa niaba ya watu ambao hawakuulizwa.

Kinachobaki ni nani alipe uchunguzi

Nikiyatazama madai haya yote kwa pamoja, naona mzizi mmoja. Mteja wa kwetu hulipa kipande, hulipa na kazi ya kukifunga, lakini kuangalia hataki kukulipia. Fundi anayetumia saa nzima kupima, kuzunguka uwanjani na kulinganisha pande mbili, kisha akasema ni kokoto kwenye tairi, anaambulia asante. Fundi anayetaja kardani papo hapo anaondoka na pesa. Kwa utaratibu huo, tumemfundisha fundi asitafute.

Mteja aanze kulipia uchunguzi kama kazi kamili, kwa bei iliyopatanwa kabla, hata kama jibu litakuwa dogo. Aende garajini akiwa tayari ameandika majibu ya maswali manne: mlio huja gari likiwa limesimama au linakwenda, kona au moja kwa moja, mafuta yakikanyagwa au yakiachiwa, na unafuata injini au gurudumu. Na fundi, akishabadilisha kipande, akifungue cha zamani mbele ya mwenye gari, aifute grisi, aonyeshe kishimo ndani ya mfereji kwa kidole. Kishimo kikionekana, mteja amelipa kwa haki na atarudi. Kisipoonekana, mlio haujapatikana, na gari lisishushwe Kyavinyonge mpaka upatikane.